“Mtandao unasumbua”: kinachokatika kati ya bahari na dirisha la forodha

Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaotumia mipaka ya Afrika Mashariki wamezoea jibu moja dirishani: mtandao unasumbua. Jibu hilo husikika Malaba, Namanga, Rusumo na Tunduma, na mara nyingi huwa ni la kweli. Kasoro yake ni kwamba halimwambii mtu chochote. Hitilafu ya nusu saa na hitilafu ya wiki mbili hupewa jina lile lile, na dereva aliyepakia nyanya hawezi kupanga safari kwa jina hilo.

Makala haya yanaeleza mtandao wa intaneti unaohudumia mipaka umeundwa na nini, ni mambo gani huuangusha katika uendeshaji wa kila siku, kila hitilafu huchukua muda gani kurekebishwa, na jinsi mtu aliye foleni anavyoweza kukisia ni ipi iliyompata.

Mkongo hufuata barabara ya malori

Wakala wa forodha anapotuma kadhia, yaani tamko la mzigo, akiwa mpakani, ujumbe wake hutoka kwenye kompyuta hadi ruta ya ofisi, kisha hupita kwenye mnara wa simu au waya wa nyuzi za kioo hadi kituo cha karibu cha mawasiliano. Kutoka hapo huingia kwenye mkongo mkuu wa nchi kavu na kusafiri hadi kwenye kompyuta za mamlaka ya mapato katika mji mkubwa. Kama huduma anayoitafuta imehifadhiwa nje ya nchi, kwa mfano barua pepe ya kampuni au hati zilizo kwa msafirishaji wa meli huko Ulaya, ujumbe huendelea hadi Mombasa au Dar es Salaam na kuingia baharini.

Hadi mwaka 2009 sehemu hiyo ya mwisho haikuwepo katika pwani hii. Mawasiliano ya nje yalipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 angani, na kila swali na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, TEAMS ukafuata mwaka huo huo ukiunganisha Mombasa na Fujairah, na EASSy ukaanza mwaka 2010. Mingine imeongezeka baadaye.

Katika nchi kavu mkongo hulazwa zaidi kwenye hifadhi ya barabara, kwa sababu huko ndiko kuna njia iliyo wazi na isiyohitaji fidia kubwa. Kwa hiyo ramani ya mtandao inafanana sana na ramani ya malori. Mkongo wa Taifa wa Tanzania unafika Horohoro, Namanga, Sirari, Mutukula, Rusumo, Kabanga, Kasumulu na Tunduma. Uganda hupata njia ya baharini kwa kupitia Kenya, upande wa Malaba na Busia, na kwa kupitia Tanzania upande wa Mutukula. Rwanda huunganishwa kupitia Uganda na kupitia Rusumo. Burundi hutegemea Tanzania na Rwanda, na miji ya mashariki ya Kongo kama Goma hupokea sehemu ya huduma yake kutoka kwa majirani hao hao.

Maana yake kwa mfanyabiashara wa Kigali au Bujumbura ni kwamba waya unaomhusu unaweza kukatika katika nchi ambayo mzigo wake haujafika, na aliyeukata hatajua kamwe kama kuna lori lililosimama kwa ajili yake.

Tingatinga

Adui mkubwa wa mkongo wa nchi kavu ni mtu mwenye chombo cha kuchimba. Barabara hupanuliwa, mabomba ya maji hulazwa, nguzo husimikwa, na greda husafisha mitaro kabla ya mvua. Mkongo huwa umefukiwa mita moja hivi chini ya ardhi, lakini baada ya mmomonyoko wa misimu michache kina hicho hupungua, na alama za zege zilizowekwa kuonyesha njia yake hung'olewa au kufunikwa na majani. Mara nyingi mkandarasi wa barabara hana ramani yoyote ya mkongo. Akiwa nayo, huwa ni ya wakati wa ujenzi, kabla waya haujahamishwa mara mbili kupisha makalvati.

Wapo pia wezi. Waya wa nyuzi za kioo hauna shaba ya kuuzwa, lakini anayeukata usiku hugundua hilo akiwa ameshaukata. Mafundi wa sehemu nyingine huandika kwenye vibao kwamba ndani hamna shaba. Kama wezi husoma vibao hivyo ni jambo jingine. Kisha kuna mvua. Daraja likisombwa, mkongo uliofungwa ubavuni mwake huenda nalo, na hapo kazi ya kuunganisha waya husubiri kazi ya kuvuka mto.

Jinsi mkato unavyotafutwa inafaa kueleweka, kwa sababu ndiyo inayoamua dereva atalala wapi. Fundi aliye kituoni huingiza mwanga kwenye uzi mmoja na kupima muda ambao sehemu ya mwanga huo huchukua kurudi. Kifaa humwambia kwamba mkato upo, tuseme, kilomita 41 na mita mia kadhaa kutoka hapo. Lakini hizo ni kilomita za waya, si za barabara. Ndani ya chemba za njiani kuna mizunguko ya waya wa akiba iliyoachwa makusudi, hivyo fundi anayefuata kilomita za gari anaweza kupita eneo la mkato bila kuliona. Mzoefu huuliza wanakijiji ni wapi tingatinga lilikuwa likifanya kazi asubuhi.

Wakishafika, huchimba, hukata ncha zilizoharibika na kuunganisha nyuzi moja moja kwa mashine inayoyeyusha kioo. Waya wenye nyuzi 48 una viungo 48. Ikiwa umevutwa na kuharibika mita nyingi, huingizwa kipande kipya katikati na viungo huwa 96. Kazi hiyo haitaki vumbi wala upepo, kwa hiyo hufanyika ndani ya gari au hema. Muda wa kuunganisha ni saa chache. Muda mrefu zaidi ni wa kutoka mjini hadi porini, na usiku timu nyingi husubiri usalama. Mkato ulio karibu na mji kwa kawaida hurekebishwa siku ile ile. Ulio mbali, katika mvua, unaweza kuvuka hadi kesho yake.

Umeme, joto na dizeli

Sababu inayofuata haina habari ya kuandikwa magazetini, ila huangusha huduma mara nyingi. Mwanga unaosafiri kwenye nyuzi za kioo hufifia, hivyo kila baada ya kilomita 80 hadi 100 hivi huwekwa kituo cha kuukuza upya. Vituo hivi huwa ni vyumba vidogo kando ya barabara, vyenye umeme wa gridi, betri za kuziba pengo na jenereta. Kila kimoja kinahitaji dizeli, na dizeli hupelekwa na gari dogo kupitia barabara za udongo.

Betri hufa mapema kwenye joto. Kiyoyozi kikiharibika Ijumaa, mitambo hujizima Jumamosi mchana. Panya hutafuna waya, sisimizi hujenga ndani ya masanduku ya umeme, radi hupiga minara. Dizeli huibwa lita tano tano ili kipimo kisishtue mtu. Mwendeshaji makini hutuma mtu kuwasha jenereta na kuibebesha mzigo kamili kila baada ya muda, kwa sababu mashine iliyokaa bila kazi mara nyingi hukataa siku inayohitajika. Kenya ililipata somo hilo hadharani Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima na jenereta ya jengo la abiria katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ikashindwa kuwaka. Mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege aliondolewa kazini. Katika kituo kidogo cha mpakani jambo kama hilo hupita bila mtu kuandika lolote.

Dalili ya hitilafu ya umeme ni kwamba huduma hupotea saa mbili au tatu baada ya gridi kukatika, si papo hapo. Huo ndio muda wa betri. Umeme ukikatika saa kumi jioni na mtandao ukaondoka saa moja usiku, haihitajiki kumuuliza mtu yeyote.

Baharini

Mikongo ya baharini hukatika kwa nadra kuliko ya nchi kavu, lakini ikikatika hakuna wa kwenda nayo haraka. Duniani kote huripotiwa hitilafu kati ya 150 na 200 kwa mwaka, na nyingi husababishwa na nyavu za uvuvi na nanga. Mombasa iliyaona hayo Februari 2012, pale meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilipotia nanga katika eneo lililokatazwa na kuukata TEAMS, siku chache tu baada ya mikongo mingine kukatika katika Bahari ya Sham.

Mwaka 2024 ulikuwa mgumu zaidi. Februari 24 mikongo mitatu ilikatika katika Bahari ya Sham, ukiwemo wa SEACOM. Inaaminika kwamba ilikokotwa na nanga ya meli ya mizigo Rubymar, iliyoshambuliwa na Wahouthi siku sita kabla na kuachwa ikielea. Meli za ukarabati hazikuweza kuingia kirahisi kwa sababu ya vita na kwa sababu kulikuwa na mamlaka mbili zilizodai haki ya kutoa kibali upande wa Yemen. Kazi ilichukua miezi.

Kisha Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania iliathirika sana. Kenya, yenye TEAMS na mikongo mingine, ilipungukiwa kasi lakini haikuzima. Meli ya ukarabati ilitoka Cape Town, na ilichukua zaidi ya wiki mbili kabla mambo kurejea kikamilifu. Katika wiki hizo kampuni za simu zilinunua nafasi kwenye njia nyingine, na huduma ikarudi kwa kiasi.

Njia mbili katika mtaro mmoja

Tukio la Mei 2024 linaonyesha udhaifu ambao uko pia mpakani. Kwenye karatasi, SEACOM ilikuwa na njia ya kaskazini na ya kusini. Ya kaskazini ilikuwa imeshakatika Februari. Ya kusini ilipopotea, haikupotea peke yake: EASSy, ambao wateja wengi waliuchukulia kuwa njia ya akiba, ulipita katika bahari ile ile na ukakatika siku ile ile.

Nchi kavu mambo ni hayo hayo kwa kipimo kidogo. Ofisi ya mpakani inaweza kuwa na mikataba na kampuni mbili za intaneti, zenye rangi mbili na bei mbili, huku waya zake zote zikiwa zimelazwa upande ule ule wa barabara, pengine ndani ya bomba moja lililokodishwa na kampuni ya tatu. Tingatinga moja huzikata zote. Laini mbili za simu nazo zinaweza kuwa kwenye mnara mmoja, kwani minara mingi sasa inamilikiwa na kampuni zinazoikodisha kwa watoa huduma wote, kama Helios Towers nchini Tanzania na ATC nchini Uganda. Dizeli ya mnara huo ikiisha, laini zote mbili huzimika.

Njia ya kweli ya pili ni ile isiyokutana na ya kwanza mahali popote. Mojawapo ni nyuzi zinazopitishwa juu ya njia kuu za umeme, ambazo TANESCO na Kenya Power hukodisha kwa kampuni za mawasiliano. Tingatinga haizifikii. Nyingine ni kuvuka mpaka: Mutukula inaweza kuhudumiwa kutoka Kampala na kutoka Mwanza. Ofisa ununuzi anayetaka kujua alichonunua anapaswa kudai ramani ya njia yenyewe, mita kwa mita, na si mchoro wa mishale kwenye kipeperushi. Wachache hudai.

Anayelipa hakusaini

Mikataba ya huduma hizi huandikwa kwa asilimia. Asilimia 99 ya upatikanaji kwa mwezi inasikika vizuri, lakini mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia moja yake ni saa saba na dakika 12. Mtoa huduma anaweza kupoteza zamu nzima ya mchana na bado akawa ametimiza ahadi. Asilimia 99.9 huruhusu dakika 43 tu, na bei yake ni tofauti sana, kwa sababu haipatikani bila ile njia ya pili.

Akishindwa hata hapo, adhabu yake huwa ni punguzo kwenye ankara ya mteja wake, ambaye ni mamlaka ya serikali au wakala mkubwa. Mwenye lori hayumo katika mkataba huo. Posho ya dereva, maegesho, siku za ziada za kontena na mboga zilizooza havimo kwenye hesabu ya mtu yeyote aliyesaini. Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo: anayeamua ni kiasi gani cha akiba kinunuliwe halipi gharama ya kukosa akiba. Vyama vya wasafirishaji hulalamikia foleni kwa haki, lakini ni nadra kuuliza mkataba wa mtandao wa kituo umeandikwa asilimia ngapi. Swali hilo linaweza kuulizwa kwenye kikao chochote cha wadau wa mpaka.

Kukisia hitilafu ukiwa foleni

Simu moja yenye bando inatosha kupata picha. Ikiwa simu haioni mtandao wowote na za wenzako nazo vile vile, tatizo ni mnara au umeme wake, au waya unaoulisha. Ikiwa simu zinafungua mfumo wa forodha lakini ukumbi wa forodha haufungui, tatizo ni la kituo chenyewe, na wakala mwenye ofisi mjini anaweza kuendelea kutuma kadhia. Ikiwa tovuti za nje zinagoma au zinakwenda kwa kusuasua huku huduma za ndani ya nchi zikifunguka, shaka iende baharini. Hii ni kwa sababu trafiki ya ndani hubadilishwa ndani, katika vituo kama KIXP cha Nairobi na TIX cha Dar es Salaam, bila kupita baharini. Hapo usitegemee saa. Panga kwa siku, ukijua kwamba kasi huwa inarudi kidogo kidogo kadiri njia mbadala zinavyonunuliwa.

Na ikiwa kila kitu kinafunguka isipokuwa mfumo mmoja, mtandao hauna kosa. Mfumo wenyewe umezidiwa, uko kwenye matengenezo au umeshambuliwa, kama ilivyotokea kwa eCitizen ya Kenya Julai 2023. Aliye dirishani bado atasema mtandao unasumbua.

Hali ya hatari zaidi si kuzimika bali kwenda polepole. Njia kuu ikikatika na ya akiba ikabeba mzigo wote, ukurasa hufunguka, hati hupanda nusu, kisha skrini huganda. Wakala hubonyeza tena, na tena. Ndipo hupatikana kadhia mbili za mzigo mmoja au malipo mawili, na kufuta moja huchukua muda mrefu kuliko hitilafu yenyewe. Afadhali kungoja, kuingia upya na kukagua kama namba ya kumbukumbu imeshatolewa kabla ya kutuma mara ya pili. Malipo ya simu kwa menyu ya nyota na reli hayahitaji bando, hivyo mara nyingi hufanya kazi wakati programu ya simu imekwama.

Mizigo iliyo chini ya Himaya Moja ya Forodha ina nafuu, kwani kadhia na kodi hukamilishwa kabla ya lori kuondoka bandarini, na mpakani hubaki kuthibitisha tu. Anayesubiri kufika mpakani ndipo aanze makaratasi huwa amejiweka mwenyewe kwenye waya mwembamba kuliko zote. Kila kukwama kuandikwe saa kulipoanza na saa kulipokwisha, kukiwa na picha ya skrini na namba ya kadhia, na mkataba wa usafirishaji useme siku za aina hiyo ni za nani. Bila maandishi hayo, mwenye kontena atahesabu siku zake kama kawaida.

Kuna kukatika ambako fundi hana la kufanya. Uganda ilizima intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi, kwa takriban siku tano, na Tanzania ilifanya hivyo kuanzia Oktoba 29, 2025, nayo kwa siku kadhaa. Katika hali hiyo laini ya pili haisaidii, maana amri huwahusu watoa huduma wote. Wasafirishaji wenye uzoefu sasa huangalia kalenda ya uchaguzi ya nchi wanazopita kama wanavyoangalia msimu wa mvua.

Setilaiti za karibu na dunia, kama za Starlink, zimerudisha anga katika hesabu, zikiwa na kasi ambayo setilaiti za kabla ya 2009 hazikuwa nayo. Rwanda na Kenya ziliruhusu huduma hiyo mwaka 2023, na baadhi ya mawakala huiweka kama njia ya pili isiyokutana na mtaro wowote. Lakini kifaa chake ni chombo cha mawasiliano kinachohitaji leseni katika kila nchi, na si nchi zote za ukanda huu zilizoitoa. Sahani iliyonunuliwa Nairobi na kufungwa juu ya kichwa cha lori linalovuka mpaka ni bidhaa isiyotamkwa, na ofisa wa forodha anaweza kuishikilia pamoja na lori.